Teke la Heshima

Juzi, katika hospitali moja hapa Kigoma, niliketi karibu na mama muuza dagaa wa Katonga aliyewekewa goti la bandia. Alikuja kupimwa nguvu za mguu, ijulikane kama anaweza kuacha magongo na kurudi sokoni.

Kijana wa mazoezi ya viungo alimkalisha kitandani, akashika kipimo kidogo cha nguvu mbele ya mguu wake. "Mama, nisukume kwa nguvu zote."

Namba ikawa ndogo. Wakarudia, ikatoka nyingine kabisa. Mimi ningeandika mojawapo nikaita mgonjwa mwingine. Yeye aliweka kalamu chini.

"Mama, unajizuia?"

"Mwanangu, nitakupigaje teke nawe unanihudumia?"

Kijana hakucheka. Alikifunga kipimo mbele ya mguu wa mama kwa mkanda ulioshikizwa kwenye mguu wa kitanda, akasogea pembeni. "Sasa sukuma. Kitanda hakina undugu na wewe."

Mama akashika ukingo, akasukuma hadi kitanda kikalia. Namba ikapanda; akarudia, ikatoka ile ile.

Nimepimwa na wengi, lakini sijaona mwingine aliyeiondoa heshima ya mgonjwa kwenye kipimo bila kumvunjia heshima.

Mama aliposhuka, alikipapasa kitanda. "Pole, ndugu yangu," akakiambia.