Buni za Mama Kokubanza

Theoneste Nsabimana wa kijiji cha Ihanda, Karagwe, hakuwa mtu wa maneno mengi. Miguu ndiyo iliyomsemea. Alipeleka mikungu ya ndizi mjini Kayanga kwa baiskeli, na mlima ambao wenzake waliupanda wakisukuma, yeye aliupanda akiwa amekaa juu ya tandiko. Mwaka 1989 alitaka kitu kimoja tu: ashinde mbio za baiskeli za wilaya, apelekwe Bukoba kwenye mbio za mkoa. Mara mbili alikuwa amekuwa wa pili, na mara zote mbili aliyemtangulia ni Anastazi wa Bweranyange, mtu asiyekuacha usahau.

"Nsabimana," alimwambia kila walipopishana njiani, "mgongo wangu umeshauzoea?"

Asubuhi ya mbio alipita kumwamkia Mama Kokubanza, mwenye shamba ambamo wazazi wa Theoneste walifanya vibarua tangu waje kutoka Rwanda. Nyumba ile mgeni hatoki bila kupewa buni za kutafuna, zile punje za kahawa zinazochumwa zikiwa bado kijani, zikachemshwa na majani ya harufu nzuri, kisha zikaanikwa. Mwenye nyumba ndiye anayetoa, mgeni anapokea kwa mikono miwili. Mgeni hajichotei. Mama Kokubanza akampa tano, akamtakia heri, akaenda nyuma kumletea maji. Kikapu kikabaki pale kwenye mkeka.

Theoneste alijua buni zinavyomwamsha mtu. Akatia mkono kikapuni. Akautia tena, akajaza mfuko wa suruali.

Siku hiyo Anastazi alikula vumbi. Lakini Mwalimu Xaveri, katibu wa kamati ya mashindano, alikuwa amemwona Theoneste pale pa kuanzia akitafuna na kutema maganda, akitafuna na kutema. Xaveri alikuwa ametoka semina na karatasi ya dawa zinazokatazwa michezoni, na redio nayo ilikuwa bado haijachoka kumtaja yule mkimbiaji wa ng'ambo aliyenyang'anywa medali mwaka uliotangulia. Katika karatasi ile ilikuwamo kafeini, yaani kile kilichomo ndani ya kahawa. Kuonja hakukukatazwa, kosa lilikuwa kuzidisha. Vipimo havikuwepo, Xaveri akaamini macho yake. Theoneste akafungiwa miaka miwili, na nafasi ya Bukoba akapewa Anastazi.

Ihanda ilichachamaa. Watu walisema mwalimu amesoma mpaka anataka kuwafungia wakwe na washenga wote wa Karagwe, maana nao hukaribishwa kwa buni. Wakakata rufaa, na Mama Kokubanza akaja mwenyewe, kitenge kipya mabegani, akaketi mbele ya kamati. Alieleza kwamba kijana alipita kuamkia, naye akampa buni kama anavyopewa kila mgeni.

"Ulimpa ngapi, mama?" akauliza mwenyekiti, Mzee Rwegoshora.

"Tano. Kwa mkono wangu huu. Kama ni kosa, nifungieni mimi baiskeli."

Chumba kizima kilicheka. Xaveri alijaribu kusema habari ya maganda aliyoyaona, wakamzomea, akakaa chini akiikunja karatasi yake. Mzee Rwegoshora akamgeukia Theoneste, akamuuliza kama ndivyo ilivyokuwa.

"Mama amesema kweli," akajibu, na masikio yakamwaka moto.

Adhabu ikafutwa. Walimbeba juu juu mpaka nje. Baadaye akampakia Mama Kokubanza kwenye keria, wakashika njia ya nyumbani.

"Waliniuliza nilikupa ngapi," mama akasema nyuma yake. "Zile ulizojipa mwenyewe hawakuniuliza."

Baiskeli iliyumba kidogo tu. Mama alishuka kwake, akashukuru kwa kupakiwa, akaingia ndani. Hakumwambia karibu. Tangu utoto wake Theoneste hakuwa amewahi kuondoka uani pale bila kuambiwa neno hilo.

Aligeuza baiskeli, akaenda moja kwa moja kwa Mwalimu Xaveri, akamkuta akisahihisha madaftari. Akamwambia kwamba hazikuwa tano. Xaveri hakufurahi wala hakumsimanga. Aliuliza tu, "Kiasi gani?"

"Viganja viwili."

"Ulizitoa wapi?"

Hapo Theoneste akainamisha kichwa. "Andika viganja viwili, mwalimu. Inatosha."

Miaka miwili ikarudi, na Anastazi akaenda Bukoba. Ihanda hawakuelewa hata kidogo. Walisema mwalimu amemtisha, kwamba mnyonge hana haki, na kila alipoegesha baiskeli penye watu, mmoja alimwita kwa huruma, mwingine akamsogezea kiti.

"Nilizidisha kweli," aliwaambia.

"Mwoneni," walisema, "mpaka leo anamfichia siri yule mwalimu."

Na kiti wakazidi kumsogezea. Mwishowe akawa anaegesha mbali, akisubiri wateja wa ndizi akiwa amesimama.