Mshono Ambao Nyanya Aliuita Twiga

Shida yangu ilianza mwaka wa 1972, nikiwa na miaka tisa. Baba, aliyekuwa mfanyakazi wa reli, aliaga dunia. Nyumba ya kazi ikarudishwa, mama akaenda nyumbani magharibi na wadogo wangu wawili, nami nikaachwa mtaa wa Kaloleni kwa nyanya, niliyemwita kukhu kwa lugha ya kwetu, kwa kuwa nilikula kidogo na nilitumika sana. Shule niliiacha darasa la tatu. Nakwambia mapema usije ukaniuliza nilisomea wapi. Nilisomea kwenye kigoda, miguuni pa nyanya, na niliyofundishwa hapo yamenilisha mpaka leo.

Nimeyakumbuka haya juzi. Msichana mmoja wa kutoka mtaa wa Fedha aliingia kibandani kwangu hapa mtaa wa Tena, akakiona kitambaa cha meza nilichokitundika kwenye msumari.

"Shosh," akaniambia, maana vijana wa leo nyanya humwita hivyo, "wacha nikipige picha kwanza, nitarudi."

Nikamwambia kitambaa hiki hakitafuti kupigwa picha, kinatafuta kununuliwa. Akacheka, lakini mkono ulikuwa umeshakigeuza anatazama nyuma. Mimi watu nawajua. Anayenunua hutazama mbele. Anayetazama nyuma anahesabu mishono akaige. Nilikitoa kwenye msumari nikakikalia palepale, mbele yake, bila haya. Alienda zake akinong'ona na simu.

Hiyo tabia ya kukalia kitambaa ni ya nyanya. Tulikaa chumba kimoja, pazia katikati, jiko la makaa mlangoni. Asubuhi niliamshwa na king'ora cha viwandani, nakimbia na debe kwenye bomba la mtaa kabla foleni haijawa ndefu. Nikirudi napika uji, nafagia, halafu naosha mikono mara mbili kwa sabuni ya mche kwa sababu uzi mweupe hausamehe. Nyanya alinusa viganja vyangu kwanza. Akisikia harufu ya omena, wale dagaa, narudi kwenye maji. Ndipo naketi, nanyosha mikono mbele kama mtu anayepokea mtoto, naye anauzungushia uzi hapo ili auviringe.

Kazi yake ilikuwa kufuma vitambaa vya kroshia: vya viti, vya meza, vya kufunika redio. Kitabu hakuwa nacho, Kizungu hakujua, kwa hiyo mishono aliipa majina yake mwenyewe. Ule ambao kulabu, ile sindano ya ncha iliyopinda, inaingia, inavuta uzi na kutoka mara moja, aliuita mfupi. Ukifuma mfupi peke yake unapata kitu kigumu, kizito, kinachofaa kushikia sufuria; ukikiweka kwenye kiti kinakaa kama kipande cha gunia. Wa pili ni mrefu: unauzungusha uzi kwenye kulabu mara moja kabla ya kuingia. Huo unalainisha. Kitambaa kinaanguka vizuri kwenye mgongo wa kiti, wala mgeni akiegemea hakimkwaruzi. Wa tatu unazungusha uzi mara mbili, na mshono unasimama na shingo ndefu. Huo ndio twiga. Twiga ndiye anayeleta matundu. Weka kitambaa cha twiga juu ya meza ya mbao nyekundu na ule wekundu utauona ukichungulia katikati ya weupe, kama taa nyuma ya pazia.

"Uzi ni uleule," alizoea kuniambia, "mkono ni uleule. Sura inabadilishwa na urefu."

Alikuwa na ua lake. Lilikuwa duara lenye majani kumi na nane, na raundi mbili za mwisho zilikuwa za twiga. Bibi harusi wa mtaa wetu ambaye hakuwa na seti ya ua hilo alihesabiwa kama hajaolewa sawasawa. Tena, kila mwaka kabla ya Pasaka, akina mama wa kanisa walichagua kitambaa cha kufunika meza ya Bwana, na aliyechaguliwa ndiye aliyepata kazi za harusi za mwaka mzima. Ua la nyanya lilikuwa limekaa kwenye meza ile miaka mingi.

Basi usidhani wanawake wale walikuwa wakipendana namna walivyoimba. Vitambaa vilianikwa ndani ya nyumba, au nje chini ya leso, mtu asije akahesabu. Mgeni akibisha hodi, kazi inaingia chini ya godoro kabla ya kuambiwa karibu. Sisi watoto tulifundishwa jibu moja: mama anafuma nini? Sijui. Nyanya yako je? Sijui. Nyanya aliniambia wazi kwamba siku nitakapotoa ua lake nje nitapanda basi niende nyumbani. Na nyumbani nilijua kinachoningoja. Mjomba alikuwa ameshaniombea kazi ya uyaya kwa watu wa mbali ambao hata mama hakuwajua. Kwa hiyo ua lile lilikuwa la nyanya, lakini kitanda changu kilikuwa juu yake.

Jirani wa mlango wa pili alikuwa mke wa karani. Nyumbani kwake kulikuwa na redio, mkate wa siagi, na mandazi ya iliki ambayo harufu yake ilipita ukutani kama kwamba ukuta haupo. Aliniita nimsaidie kuosha vyombo, kisha ananipa chai. Hakuniuliza kitu kwa wiki nyingi. Ningekuwa na akili ya leo, kule kunyamaza kwake ndiko kungenishtua. Jumamosi moja, nikiwa na andazi moja mdomoni na jingine mkononi, akasema, huku anafuta meza:

"Mami, ua la kukhu wako lina majani mangapi kwani? Nahesabu kanisani macho yananicheza."

Nikasema kumi na nane.

Hakuinua hata uso. Aliniongezea chai. Nami nilijua, kabla sijameza, kwamba nimefanya kitu.

Mwaka huo akina mama walichagua kitambaa cha jirani. Kilitandazwa mezani Jumapili, cheupe, kimenyooka kama karatasi. Majani kumi na nane. Nyanya alikitazama mara moja, halafu akanitazama mimi, na akaendelea kunitazama mahubiri yote. Mimi nilitazama kitambaa kwa sababu sikuwa na pengine pa kuweka macho. Ndipo nikaona sisimizi. Walikuwa wanapanda mguu wa meza kwa mstari, wanaingia kwenye ukingo wa ua.

Tulipofika nyumbani hakunipiga. Alitoa mfuko wa katani, akaanza kuingiza nguo zangu.

"Umeuza ua langu."

"Sikumfundisha, kukhu."

"Nani basi? Ukuta?"

Nililia, nikaapa kwamba sijawahi kushika kulabu mbele ya yule mama. Hilo lilikuwa kweli. Akasema nitasafiri Jumatatu, lakini kwanza shauri litafika kwa akina mama, ili jirani naye asipate kuinua kichwa.

Walikutana mchana uleule nyumbani kwa mke wa mchungaji, kama kumi hivi, na vitambaa vyote viwili vikawekwa mezani. Nyanya akasema ameibiwa, na kwamba mtoto wa nyumba yake ametumika. Jirani akasema Mungu amempa macho, na kuangalia kanisani si wizi. Mama mmoja mnene akamwuliza nyanya kama ua hilo amelinunua kama kiwanja, lina hati. Mwingine akasema watoto wa kulelewa ndivyo walivyo, unawapa ugali wanakupa kisu. Halafu wote wakanigeukia, na mke wa mchungaji akaniambia niseme ukweli, nisiogope.

Niliogopa. Lakini nilikuwa nimekaa karibu na meza, na kwa karibu nilikiona kile nilichoshindwa kukiona kutoka kwenye benchi. Raundi za mwisho za kitambaa cha jirani zilikuwa za mrefu. Twiga hakuwepo.

Hapa lazima nikueleze, kwa sababu wengi wanadhani kufuma ni hesabu tu. Duara likipanuka, linahitaji mishono mingi zaidi, na mishono hiyo inahitaji urefu wa kuifikisha nje. Ukiwa na hesabu ya twiga lakini ukafuma mrefu, mishono inakuwa mingi, nafasi ni ndogo, na ukingo unaanza kujikunja na kusukumana. Unaweza kuuficha. Unakitia kitambaa kwenye maji ya sukari, unakibana kwa pini, unakipiga pasi, na kikikauka kinalala kama maiti. Nyanya alitia maji ya wanga kidogo sana, kwa kung'arisha tu. Sukari alisema ni ya chai.

"Mama," nilimwambia mke wa mchungaji, "vilowekeni vyote viwili."

Jirani akasema kitambaa cha kanisa hakilowekwi na mtoto. Lakini mama mnene alikuwa ameshaenda kuleta karai. Wanawake wakisikia kuna kitu kimefichwa, karai huja haraka. Cha nyanya kiliingia kwanza. Kilitolewa, kikakamuliwa, kikawekwa mezani, na kikalala chenyewe kama chapati juu ya kikaango. Kikaingia cha jirani. Sukari ilipoyeyuka, ukingo ukaanza kuinuka, jani moja baada ya jingine, mpaka kikakaa mezani kama jani la sukuma wiki lililonyeshewa. Mtu mmoja akajaribu kukibonyeza kwa kiganja. Upande huu ukilala, ule unainuka.

"Ningemfundisha mimi," nikasema, "ningemfundisha twiga. Na kisingehitaji sukari."

Mama mnene alicheka mpaka akajishika ubavu. Alimwambia jirani kwamba sasa amejua kwa nini sisimizi wameokoka. Hata mke wa mchungaji aligeuka dirishani. Jirani alikikunja kitambaa chake kikiwa majimaji, akaondoka bila kuaga, na tangu siku hiyo harufu ya iliki ilipita ukutani lakini mimi sikuitwa tena. Ua la nyanya lilirudi mezani Jumapili iliyofuata.

Mimi nilidhani nimeshinda. Tulirudi nyumbani kwa miguu, nyanya mbele na kitambaa chake kibichi begani, mimi nyuma. Tulipofika kwenye bomba la mtaa alisimama. Hapakuwa na mtu.

"Twiga hakumjua. Nimeona," alisema. "Na kumi na nane? Anakaa benchi ya nyuma, ana macho ya kuku, haoni mbali. Aliipata wapi?"

Nikasema sijui.

Akageuka, akaendelea na njia. Kisha akaingia nyumbani, akatoa nguo zangu kwenye mfuko yeye mwenyewe, akazipanga mahali pake. Basi la Jumatatu liliondoka bila mimi. Swali lile hakuniuliza tena.

Nilikaa naye miaka kumi na mitatu baada ya hapo, mpaka nikamzika. Alinifundisha kuanza, kuongeza, kupunguza, kuchonga meno ya ukingoni, kuficha mwisho wa uzi. Kiburi nilicho nacho kazini ni chake. Lakini alipobuni ua jipya, na alibuni mawili makubwa baadaye, alifika raundi za mwisho akageuza kigoda na kunipa mgongo. Hakuwa na hasira. Aliweza hata kuniuliza kama maharagwe yameiva, huku mgongo uko kwangu na kiwiko kinacheza. Sikuuliza kwa nini. Mtu huuliza asilolijua.

Ndiyo maana nikiona mkono unageuza kitambaa, nakikalia. Watu husema mimi ni mkali, ati siamini mtu. Ni kweli. Nimeona mtu mzuri, mtiifu, anayempenda nyanya yake, akitoa siri kwa mandazi mawili, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Kaloleni nilipita mwaka jana. Hakuna leso juu ya kamba zenye kitu chini yake. Makochi yamevikwa vitambaa vya mashine, vya dukani, vyote sura moja, na hakuna anayevigeuza kwa sababu nyuma hakuna mkono wa mtu. Wanawake wale waliochukiana kwa ajili ya mishono wamelala kaburini, na kila mmoja amelala na mshono wake.

Mimi nina hivi. Kiwanja hapa Tena, na vyumba vinne vya kupangisha. Kibanda cha mabati chenye kufuli mbili. Cherehani moja ya mguu. Ng'ombe wawili nyumbani magharibi. Kaburi la nyanya lililopigwa saruji. Kulabu kumi na moja. Na vitambaa viwili vya maua yake ya mwisho, ambavyo nimevihesabu mbele na nyuma kwa miaka arobaini, nimevifuma upya zaidi ya mara ishirini, na kila nikiviloweka vyangu, ukingo unainuka.