Damu ya Bwana Harusi

Mikono yangu ilinuka spiriti hata nikila wali. Miaka ile baada ya Mapinduzi nilikuwa maabara ya hospitali mjini, nikipima damu za watu wa Unguja nzima. Tone la damu tuliliweka kwenye ukanda wa karatasi, tukapitisha umeme, protini yake ikatambaa, na pale ilipoishia ndipo tulipojua ni damu ya namna gani. Majibu tuliyatia kwenye kadi zenye matundu pembeni. Mwenye selimundu, ule ugonjwa wa kurithi, kwenye damu yake, hata kama mwenyewe haumwi, tundu lake tulilikata likawa wazi. Kisha unapenyeza sindano ya kufumia kwenye bunda zima, unanyanyua, unatikisa, na kadi za wenye selimundu zinaanguka mezani. Umeme ukikatika tunaanza upya. Mgongo ulikuwa ukiniuma mpaka nikaichukia sindano ile.

Mdogo wangu akachumbiwa na mtoto wa ami yetu, wa Jang'ombe. Kadi ya mdogo wangu ilikuwa katika zile zinazoanguka, na wawili wa namna hiyo wakioana, mtoto anaweza kuzaliwa mgonjwa. Nikaagiza bwana harusi aje atolewe damu. Siku aliyopangiwa nilikuwa Kiwengwa, nakusanya damu nyingine. Niliporudi nikakuta kichupa kina jina lake, nikakipima mwenyewe. Kadi yake ikabaki kwenye sindano. Nilifurahi, nikaenda kupika pilau ya harusi.

Mtoto wao alipoanza kukaa, vidole vikamvimba, akawa analia hanyamazi. Nilimpima, nikakuta selimundu ya kuumwa, ya baba na mama; nikarudia, nikidhani nimekosea. Ndipo nikamwendea baba yake.

"Ile damu ulitoa wewe?"

"Siku ile nlikuwa na zamu bandarini, dada. Nlimtuma ndugu yangu. Si tumenyonya ziwa moja?"

Alisema bila kuficha. Kwetu ndugu wa kunyonya, hata kama si wa damu, ni ndugu hasa, hata dada yake humuoi, naye akaona damu yake yatosha. Nilimtoa damu palepale, nikaipima, nikakata tundu lake, nikatikisa bunda. Kadi ikaanguka.

Mdogo wangu akaja maabara na mtoto begani.

"Mshajua sasa, dada. Dawa yake ipi?"

Nikamwambia dawa hatuna, tunapima tu.

"Sasa mnapima ya nini?"

Nikampokea mtoto, ili mama yake apumzishe mikono.