Nani Kaoa, Nani Kaolewa

Majina yao siandiki, wenyewe watajijua. Wa kwanza mchungaji wa kanisa letu la Thamesmead. Wa pili mzee wa kanisa, yule mwenye kikohozi cha kujitangaza. Wa tatu dada yangu, tumbo moja, mwenyekiti wa kamati ya harusi ya binti yangu. Hao ndio walioninyima kiti cha mama wa bibi harusi.

Kiti nilikuwa nacho. Sare tulishagawiwa, kitenge cha zambarau, nami nikashona magauni mawili: langu na la mke wangu. Sisi tulifunga ndoa yetu ofisi ya halmashauri, hapa hapa London, watu wazima wawili, bila kelele. Kosa likawa lile gauni la pili.

Wakaniita ukumbini baada ya ibada. Chai, sambusa, viti vya plastiki. Mchungaji akatabasamu.

"Mama, nisaidie nielewe. Kati yenu, nani kaoa, nani kaolewa?"

Wakacheka. Mzee akakohoa.

"Tumeoana," nikasema.

"Wameoana!" Dada yangu akapiga makofi. "Haya jamani! Na mahari nani kampelekea nani? Au mlirushiana?"

Mchungaji akaacha kutabasamu. "Mume anaoa, mke anaolewa. Kristo ndiye mume, kanisa ndilo mke. Sasa ninyi mkishaanza kuoana, nani kichwa? Leo nyumbani kwenu hakuna kichwa, kesho waumini wataniuliza mimi hilo hilo."

Watu husema dini zinatupinga kwa sababu ya Maandiko. Mimi niliishia darasa la saba, siwezi kubishana na Maandiko. Lakini naona wanavyoyaruka: riba wanakula, umbea wanakula, hili tu hawaliruki. Hili linagusa kiti chao. Hata ustadhi wa jengo letu, ambaye na mchungaji hawapeani hata salamu, alinisimamisha kwenye lifti akaniuliza swali lile lile: nani mume? Juu ya Mungu hawajapatana, juu ya kichwa wamepatana.

Na hicho kichwa nakijua. Baba wa binti yangu alinioa mbele ya mchungaji huyo huyo, kwa vigelegele. Akanivunja taya jikoni, mtoto kashika sketi yangu. Nikamkimbilia mzee mwenye kikohozi. Akanirudisha yeye mwenyewe mpaka mlangoni. "Ingia, dada. Yule ni kichwa chako." Baridi ikianza, taya hili bado linaniuma.

Basi pale ukumbini wale watatu wakahukumu: nije peke yangu, nikae mbele. Nikija na mke wangu, nisije kabisa. Na atakayemkabidhi bibi harusi? Baba yake.

Nikampigia binti yangu. Mimi Kiswahili, yeye Kiingereza, ndivyo tunavyoongea siku zote. Akaniambia ni siku moja tu, nivumilie.

"Huyu aliyekusuka nywele za shule miaka yote," nikasema, "nimwache nyumbani kama mwavuli?"

Akalia. Lakini hakusema njooni wote.

Jumamosi ya harusi tulivaa magauni yetu tukaenda soko la Woolwich. Mke wangu alisema hayakushonwa ili yalale kabatini. Tulikuwa tunachagua ndizi za kupika, mama mmoja wa kwetu, mgeni kwangu, akatusimamisha.

"He! Mmependeza, mashoga zangu! Sare ya harusi ya nani?"

"Ya binti yangu."

"Lini?"

"Sasa hivi."

Akatutazama, mara mimi, mara mwenzangu. "Na nyie mko kwenye ndizi?"

"Kamati imetaka hivyo."

Sijui alielewa nini. "Ila mtoto kaolewa?"

"Kaolewa," nikasema. Neno likanikwama kwenye lile taya.

Yule mama akaweka mfuko wake chini, akapiga kigelegele kirefu pale pale, wauza samaki wakageuka. Mke wangu akakipokea. Mimi nilifungua mdomo, hakikutoka.