Dawa ya mavi ya simba ilivyofanya kazi kupita kiasi shambani kwetu Rhotia

Habari za saa hizi wakuu.

Kila nikiingia humu nakuta vijana mnabishana kuhusu startup na innovation, na kwa nini vyuo vyetu havishirikiani na viwanda. Huwa nasoma tu na kupita. Leo nasema, maana nilikuwepo siku chuo kikuu kilipokutana na kiwanda, na walikutania kwenye shamba la baba yangu.

Ni kweli tupu. Anayetaka kuiita chai aiite, ila enzi hizo sukari ilikuwa ya kibali, kwa hiyo hata chai yenyewe tuliinywa kwa nadra.

Twende.

Ilikuwa miaka ya themanini mwanzoni. Nyumbani ni Rhotia, kule juu mashamba yanapogusana na msitu wa Ngorongoro. Anayepajua anaijua shida yake. Unalima wewe, anavuna nguruwe pori. Akishiba yeye, nyati anakuja kulala juu ya masalia.

Misimu miwili mfululizo tulivuna mabua. Baba akatuita wote akasema, "Wakila tena msimu huu, shamba la juu naliacha. Tunahamia Mbulu kwa kaka."

Ila sote tulijua kwamba Mama na mke wa huyo baba mkubwa wa Mbulu hawaivi chungu kimoja. Kwake Mbulu ilikuwa kifungo, na alianza kuliangalia lile shamba kama mtu anayeangalia mgonjwa.

Ndipo akaja Dokta.

Si wa hospitali. Huyu alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu, mpole, suruali imepanda juu ya kifundo, miwani imefungwa kwa uzi. Alikuwa amegundua kwamba nguruwe pori akisikia harufu ya simba hasogei. Kwa hiyo, kwa hesabu yake, ukipata mavi ya simba, ukayakausha, ukayasaga, ukachanganya na oili chafu ili mvua isiyaoshe, una dawa ya kulinda mazao.

Zama hizo wasomi walikuwa wanaambiwa utafiti usife kabatini, uende viwandani. Dokta alishapata kiwanda kimoja Arusha kilichokuwa tayari kuitengeneza ile dawa na kuiuza kwenye makopo. Sharti lao moja tu, waione ikifanya kazi kwenye shamba la mkulima wa kweli.

Baba akajitolea shamba. Mimi, kijana wa miaka ishirini na kitu niliyemaliza shule bila kazi, nikajitolea pua yangu.

Wakuu, naomba tusimame hapa kidogo. Kuna watu wamefanya kazi ngumu humu, najua. Lakini je, umewahi kuamka asubuhi, ukapanda Landirova, ukateremka kreta ya Ngorongoro kwenda kumsubiri simba amalize haja?

Tulikuwa na mwenzetu mmoja Mmasai, Sendeu, aliyetusaidia kujua simba wamelala wapi. Siku ya kwanza alituangalia tunavyoshuka na koleo na debe, akajifunika vizuri shuka lake, akasema, "Sisi tunakimbiza simba aache ng'ombe zetu. Nyinyi mnamfuata nyuma mpaka achutame. Hii shule yenu inafundisha nini?"

Dokta akamwambia ni sayansi. Sendeu akasema sawa, ila yeye atabaki kwenye gari.

Kusaga nako ilikuwa kesi. Dokta alimwomba Mama kinu. Mama akamjibu kwa adabu zote, "Mwanangu, hiki kinatwanga mahindi ya makande. Ukikitumia wewe, makande utakula mwenyewe mpaka ufe." Ikabidi tutafute kinu chetu, na hadi leo hakuna aliyekubali kurithi kile kinu.

Sasa sikilizeni kitu tulichokiona tusikione.

Kwetu Wairaqw enzi hizo ng'ombe walilala ndani, upande wao, watu upande wetu. Jioni ya kwanza nilipoingia ndani kutoka kreta, ng'ombe walininusa tu mlangoni wakachachamaa. Wakavunja kizuizi, wakamwaga maziwa, mmoja akasimama jikoni hataki kutoka. Mbwa wetu alipotea siku mbili. Mama akanipa sabuni, kitu adimu wakati ule, akaniambia nikaoge mbali na nikalale ghalani.

Asubuhi nikamsimulia Dokta kama kulalamika. Yeye akafurahi mno. Akaniita kwa jina langu, akasema, "Safari, hiyo ni habari njema. Kumbe inafanya kazi hata kwa wanyama wakubwa."

Na mimi nikafurahi naye. Tulicheka wote wawili, wala hakuna aliyefikiria zaidi ya hapo.

Mahindi yalipoanza kubeba tukaizungusha dawa kwenye mpaka wote, kisha tukapaka kwenye vijiti katikati ya shamba. Harufu yake sitaielezea, wengine mko kwenye chakula.

Ikawa kweli. Nguruwe walifika mpakani, tukaona nyayo zao, wakageuza. Nyati hali kadhalika. Majirani wakavamiwa, sisi hatukupoteza gunzi. Mama akaanza kuimba akiwa anapalilia maharage. Baba hakuitaja Mbulu tena.

Mahindi yakakauka. Dokta akaomba tuvune siku ya ugeni, ili kiwanda kione mzigo wenyewe. Tukamwita jirani yetu Gwandu aje na punda wake sita kubeba magunia, maana kutoka shamba la juu hadi nyumbani ni mteremko mrefu na gari halipandi.

Meneja wa kiwanda akaja na wenzake watatu, viatu vinang'aa. Akatembezwa, akaona mahindi, akaona nyayo za nguruwe zilizogeuza. Akaridhika. Mkataba uko kwenye mkoba.

Gwandu akaleta punda.

Walipofika mpakani, punda wa kwanza akasimama. Akanyoosha masikio, akavuta pumzi, kisha akalia kilio ambacho sijakisikia tena. Wote sita wakageuka na kushuka mlima. Gwandu aliyekuwa ameshika kamba akashuka nao, nusu anakimbia, nusu anaburutwa. Chini walilikuta gari la meneja, na mmoja akaupiga mlango wake mateke mpaka ukabonyea.

Tukaleta ng'ombe wa mkokoteni. Hata nusu ya njia hawakufika.

Baba akamgeukia Dokta. "Mwanangu, hii dawa yako mliijaribu kwa punda?"

Dokta akavua miwani. "Tuliijaribu kwa nguruwe, mzee."

Kwa mshangao wetu meneja akawa anashangilia. Anasema hajawahi kuona dawa yenye nguvu namna hii, wasaini sasa hivi. Baba akamsikiliza hadi mwisho.

"Ndugu Meneja," akasema, "wanasema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Wewe siku ya tatu utakuwa Arusha. Kwa hiyo chukua gunia leo."

Akabeba. Angekataaje, wazee wote wanamwangalia? Dokta akabeba, wale watatu wa kiwandani wakabeba, mimi nikabeba, Mama akatupita wote. Kushuka, kupanda, kushuka. Raundi ya kwanza meneja alikuwa anaongelea soko la nje. Ya pili alikuwa anaongelea mgongo wake. Ya tatu akaweka gunia chini, viatu mkononi, akamwambia Dokta, "Hii dawa bado. Mkulima atakayeinunua atatuua."

Mkataba ukarudi kwenye mkoba. Nilimwonea huruma sana Dokta, maana ile kazi aliipenda kweli. Lakini ghala letu lilijaa, na jioni hiyo Mama alimpikia makande, akamkaribisha kama mwanawe.

Hatukuhama. Msimu uliofuata majirani walikubali tulinde mashamba yote kwa zamu, na shamba la juu ninalilima mpaka leo.

Kopo moja la dawa lilibaki. Baba alilificha, na kila punda wa Gwandu walipoingia kwenye maharage yetu, alikuwa anafungua kifuniko kidogo tu. Gwandu aliamini mpaka anakufa kwamba baba yangu ni mchawi.

Funzo langu ni hilo wakuu. Unapopeleka utafiti sokoni, usiulize tu kama dawa inamfukuza adui. Uliza na atakayebeba mavuno nyumbani ataisikiaje.

Wenye degree za biashara karibuni mchambue, Dokta alikosea wapi. Na kama kuna mtu wa Karatu humu ambaye babu yake aliitwa Gwandu, mkuu, tusameheane. Haukuwa uchawi.