Gitaa Lililonguruma Kabla ya Kupigwa

Mama ana presha, na chumba changu na chake vinatenganishwa na ukuta wa tofali moja. Ndiyo maana ile sauti ya gitaa niliyoipeleka ukumbini Temeke niliitengenezea masikioni tu, kwa hedifoni, nimekaa kitandani kwetu Mbagala na kile kisanduku cha kidijitali mapajani. Hakizidi ukubwa wa kitabu kinene. Ndani yake zimeigwa amplifaya kubwa kubwa ambazo mie sijawahi kuziona kwa macho. Unachagua mojawapo kwenye kioo, unazungusha vitufe, na gitaa linaunguruma kama lori linalopanda mlima.

Nilitaka sauti nzito ya roki, iliyopasuka lakini yenye makali. Geini ndiyo inayoipasua sauti, basi kila jioni nikawa naiongeza kidogo, na kila nikiiongeza naona imenoga. Besi, zile sauti nzito za chini, nikaipandisha. Sauti za kati nikazishusha karibu zote. Kwenye hedifoni ilijaa kichwa kizima, nikajiona nimemaliza kazi.

Bendi yetu ina watu watatu. Mie ni gitaa. Mpiga dramu ni jirani yetu, fundi wa kuchomelea mageti. Na mtoto wa shangazi yangu, mdogo kwetu wote, anapiga gitaa la besi na ndiye muimbaji. Siku ya onyesho shangazi alimsindikiza mpaka mlangoni, akaniambia mbele yake, "Unamchukua mzima, unirudishie mzima." Tukacheka, tukapakia vyombo kwenye bajaji.

Lilikuwa tamasha la vijana wa mtaa, kwenye ukumbi wa harusi, baada ya swala ya adhuhuri. Wengine wote walikuwa watu wa singeli. Sie tukapewa nafasi ya kwanza, na muda mfupi wa kujaribu mitambo wakati watu wanaanza kuingia na kupanga viti.

Nikachomeka gitaa. Kabla sijagusa hata uzi mmoja, spika za ukumbi zikaanza kunguruma. Mmmmmm. Mngurumo mzito, hauna pumzi. Watu wakageuka.

"Sista, zima hiyo kitu," fundi mitambo akapiga kelele kutoka kwenye mikisa, ile meza ya kurekebishia sauti, mwisho wa ukumbi.

"Siyo mie, ni umeme wenu!"

"Umeme wetu wanatumia wote. Mbona wenzio hawalalamiki?"

Kisanduku changu kina kizuia kelele, kinachofunga sauti pale usipopiga. Nikakikaza mpaka kukawa kimya, tukaanza wimbo. Ikawa aibu. Ile sauti yangu ya kitandani ilitoka kama nyuki kwenye debe. Besi yangu ikaimeza besi ya mdogo wangu, geini ikachanganya kila pigo na lililofuata, na kila nilipoacha uzi uendelee kulia, kizuia kelele kiliukata katikati kama mtu aliyezibwa mdomo. Mpiga dramu akasimamisha fimbo.

"Hapo unapiga nini? Mie sikufuati."

"Napiga ileile ya kila siku."

"Ya kila siku unaisikia wewe na hedifoni zako," mdogo wangu akasema. Alikuwa ameshakasirika. "Dada, mwezi mzima unazungusha vitufe, leo ndiyo unatufanyia hivi? Watu wanaingia!"

Nikamjibu vibaya. Nikamwambia kama anaona rahisi aje apige yeye. Kisha kwa hasira nikakilegeza kile kizuia kelele, mngurumo ukarudi wote, na fundi mitambo akaanza kutupungia mikono tushuke. Mdogo wangu akasogea kwenye maiki amwambie asubiri. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika nyuzi za besi.

Midomo yake ilipogusa maiki, hakusema kitu. Ilitoka sauti fupi, kama mtu anayekoroma, na mwili wote ukakakamaa. Nilidhani anaigiza. Halafu nikaona vidole vyake vimejikunja kwenye nyuzi na havifunguki.

"Usimguse!" mpiga dramu akapiga ukelele. "Umeme! Kata umeme!"

Ekstensheni yetu, iliyolisha kisanduku changu na amplifaya ya besi, ilikuwa miguuni kwangu. Niliinama, nikaukamata waya wake na kuuvuta kwa nguvu zangu zote mpaka plagi ikachomoka ukutani na mie nikakaa chini. Naye akaanguka upande wa pili, besi juu yake.

Alikuwa anapumua. Macho yalikuwa wazi, yananitazama bila kunijua, kisha yakanijua. Nilikuwa nimeshamshika uso kwa mikono miwili, namwita kama mtu aliye mbali, na kichwani mwangu kulikuwa na sauti ya shangazi tu.

"Mdomo," akasema. "Siusikii mdomo."

Tukamtoa nje, tukamkalisha kivulini. Mama mmoja muuza maji akampa chupa, na nesi aliyekuja na wanawe kwenye tamasha akampima mapigo ya moyo kwa muda mrefu, akamtazama vidole, akasema anaonekana salama lakini asiachwe peke yake, na akisikia kifua kinabana apelekwe hospitali hapohapo. Muandaaji, mzee wa makamo, alikuja akatusikiliza kwa heshima. "Poleni sana wanangu," akasema, halafu akatazama saa.

Mpiga dramu alirudi jukwaani na testa yake ya kupimia umeme, mie nyuma yake. Amplifaya ya besi ilikuwa ya ukumbi. Plagi yake ilikatwa zamani, ikafungwa ya miguu miwili, na ili iingie walikuwa wamechomeka kijiti kwenye tundu la juu la soketi ya ekstensheni, lile la waya wa ethi, unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Akairudisha plagi ukutani, akawasha kwa uangalifu, akagusisha testa kwenye bati la ile amplifaya. Taa ikawaka.

"Moto wote huu," akasema, "ulikuwa unasubiri mtu."

Tukaichomoa kabisa, tukaisukuma pembeni. Besi tukaiunganisha moja kwa moja kwenye mikisa. Kisanduku changu nacho nikakihamishia kwenye soketi nzima ya fundi mitambo. Mngurumo ukabaki mdogo sana, wa kawaida.

Nikaanza upya na sauti yangu. Nilivuta waya mpaka nikasimama chini, walipo watu, nisikie wanachosikia wao. Nikashusha geini mpaka nusu, nikajihisi kama nimetoka barabarani na kanga moja. Nikapunguza besi. Zile sauti za kati nilizozidharau nikazirudisha, nikakata ukali wa juu kidogo. Nikabana nyuzi kwa kiganja, nikapiga. Kila pigo likatoka peke yake, lina mwanzo na lina mwisho. Mpiga dramu akaitikia kwa teke moja la dramu kubwa, tukasikilizana.

Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni anatutazama.

"Mie sishiki hiyo maiki," akasema.

"Usishike. Ukitaka tunaondoka sasa hivi."

Akatikisa kichwa. "Iguse wewe kwanza."

Ukumbi ulikuwa umeshajaa nusu, wote wanajua kilichotokea. Nikapanda, nikaivaa besi yake. Nikaigusa maiki kwa mgongo wa kidole kwanza. Hakuna kitu. Mkono wa kushoto nikauweka juu ya nyuzi zote, nikafumba macho, nikasogeza midomo mpaka ikafika kwenye bati baridi la maiki. "Moja, mbili," nikasema. Nilisikia sauti yangu ikirudi kutoka ukuta wa mwisho.

Mdogo wangu akapanda, akachukua besi yake. Aliimba nyimbo zote akiwa umbali wa kiganja kutoka kwenye maiki, sauti yake nyembamba kuliko kawaida, na mie nilikuwa namtazama yeye vidole badala ya kutazama vyangu. Nilikosea sehemu nyingi. Vijana wa singeli walisimama wametukodolea macho mwanzoni, kisha walio mbele wakaanza kuruka.

Tulipomaliza, kikundi kilichofuata kilikuja na mpiga kinanda, akauliza kama anaweza kutumia ile amplifaya iliyokaa pembeni. Kabla sijajibu, mdogo wangu alishaifuata na kuikalia.

"Hii haitumiki," akasema, huku anajifuta mdomo uliokuwa bado na ganzi.

Fundi mitambo alimuomba anyanyuke. Akakataa. Muandaaji naye akamuomba; mdogo wangu akampa shikamoo, kisha akakataa. Alikaa pale mpaka watu wawili walipokuja kuibeba na kuitoa nje, akatembea nyuma yao aone inakopelekwa.