Kahawa Waliyoinywa kwa Akinyi

Akinyi nnamjua. Ni Mkenya, msusi wa nywele mtaa wa Hamriya, mjini kwetu, na mimi nikichoka kutembea hukaa kwenye kiti cha mlangoni kwake.

Siku hiyo aliingia duka kubwa la jirani, mkobani ana chupa ya mafuta ya nywele aliyoitumia nusu. Mlinzi, Osama, akaiona.

"Khadama, umeiba!"

"Khadama ni nani? Mimi si mtumishi wa nyumba, mimi fundi! Angalia, chupa ina nywele ndani!"

Jawabu lilikuwa kofi. Akaburutwa kwa misuko yake mpaka stoo. Wakaja askari wawili, hata jina hawakumuuliza. Mmoja akamlaza kifudifudi, mwengine akamkanyaga mkono wa kulia, akazungusha kisigino. Vidole viwili vikavunjika. Jino likatoka. Osama akacheka, "Sasa suka!"

Kamera ikaonesha hakuiba kitu. Wakamtoa mlango wa nyuma, damu kifuani.

Akawashitaki wote, duka na askari. Alitaka isemwe mbele ya kadhi kuwa yeye si mwizi, na waliomvunja mkono wajulikane. Wakili wake, Shahad, akamuonya: "Ukisamehe mbele ya watu, kesi imekufa."

Ijumaa moja akaja Khattab, meneja wa duka, na mjomba wake mzee Taimur. Nami nilikuwepo, kwenye kile kiti cha mlangoni. Akinyi akawatilia kahawa. Kwao Akinyi mgeni hakai kinywa kikavu. Wakaziweka finjani chini. Huku kwetu mwenye haja hanywi mpaka haja yake ikubaliwe; mwenyeji akimwambia anywe, ndiyo kakubali. Akinyi hakujua hilo.

"Kunyweni wazee, inapoa."

Khattab akainywa mbio, akasimama. "Allah akulipe. Umesamehe."

"Nimesamehe nini?"

Nikamueleza. Akalinyakua birika kwa mkono wa kushoto, akalivurumisha. Kahawa ya moto ikamrukia Khattab shingoni. Akapiga ukelele, akanyanyua ngumi.

"Piga!" Akinyi akamsogelea. "Leo hamna stoo. Piga!"

Mzee Taimur akamvuta mpwa wake nje kwa ukosi wa kanzu.

Mahakamani Khattab akaapa kuwa amesamehewa. Akaitwa mjomba wake.

"Kahawa ilinywewa?" kadhi akamuuliza.

"Ilinywewa."

"Basi?"

Mpwa anamtolea macho, mzee akamgeukia kadhi. "Haja huombwa kwanza. Huyu alikunywa hajaomba kitu. Hakuomba hata radhi."

Kadhi akaamuru kesi iendelee, na Osama na askari wale waletwe.

Akinyi aliposikia kuwa atawaona tena, akatoka mpaka ukumbini, akajishikiza ukutani, akatapika.